CLARENCE EARL GIDEON: MFUNGWA ALIYEPIGANA KWA PENSELI

Wahenga walisema mnyonge hana haki. Methali hii tunaiandika kwenye insha zetu kila muhula na mwalimu anatupa tiki. Lakini je, ni kweli siku zote? Katika makala haya ningependa kukusimulia maisha ya mtu mmoja aliyekuwa mnyonge hasa, maskini hohehahe, tena mwenye sifa mbaya, ambaye alikataa kata kata kuiamini methali hiyo. Jina lake ni Clarence Earl Gideon. Hakuwa mwanasiasa, hakuwa tajiri wala mwanasoka. Alikuwa mfungwa. Hata hivyo, ukienda Marekani leo, kila anayesomea sheria lazima alisome jina lake.

UTOTO NA UJANA WAKE

Gideon alizaliwa tarehe 30 Agosti 1910 katika mji wa Hannibal, jimbo la Missouri. Huu ndio mji alikokulia yule mwandishi maarufu, Mark Twain. Babake aliaga dunia yeye akiwa na umri wa miaka mitatu tu, na mamake akaolewa tena. Kijana huyu hakuyapenda maisha ya nyumbani. Baada ya darasa la nane aliipa shule kisogo, akatoroka kwao, akawa mtu wa kurandaranda. Asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu, na ulimwengu ulimfunza Gideon kwa kiboko.

Alipokuwa na umri wa miaka 16, yaani umri wangu mimi ninayeandika haya, alikamatwa kwa kuiba nguo dukani, akapelekwa katika shule ya kurekebisha tabia. Mwaka wa 1928 alihukumiwa kifungo cha miaka 10 huko Missouri kwa makosa ya wizi. Alitoka mwaka wa 1932, wakati ambapo uchumi wa Marekani ulikuwa umeanguka kabisa na hata watu wenye elimu walikuwa wanatafuta kazi bila kupata. Sasa yeye aliyetoka jela angepata wapi? Basi akawa ni wa kuingia jela na kutoka, kuingia na kutoka, katika majimbo mbalimbali. Alioa mara nne. Kifua kikuu pia kilimshika, kikamkondesha. Mwishowe alihamia jimbo la Florida, katika mji wa Panama City, pamoja na mke wake wa nne na watoto.

Nimeyasimulia haya yote wazi kwa sababu sitaki udhani ninakuletea hadithi ya malaika. La hasha! Gideon aliwahi kuiba, na alifungwa kwa haki mara kadhaa. Lakini swali la makala haya ni hili: mtu aliyewahi kukosa, je, akishtakiwa tena hana haki ya kusikilizwa?

ASUBUHI YA TAREHE 3 JUNI 1961

Usiku wa kuamkia tarehe hiyo, ukumbi mmoja wa mchezo wa biliadi mjini Panama City ulivunjwa. Mashine ya kuuzia sigara na ile ya muziki zilifunguliwa kwa nguvu, pesa zikaibwa pamoja na vinywaji. Hasara haikuwa kubwa. Shahidi mmoja akawaambia polisi kwamba alimwona Gideon alfajiri akitoka humo ndani na chupa ya mvinyo, mifuko yake imejaa sarafu. Polisi walipomkamata walimkuta na sarafu kweli. Akashtakiwa kwa kosa la kuvunja na kuingia kwa nia ya kuiba.

Kesi ilisikizwa tarehe 4 Agosti 1961 mbele ya Jaji Robert McCrary. Kabla haijaanza, Gideon alimwambia jaji kwamba hayuko tayari kwa kuwa hana wakili. Hana pesa za kumlipa wakili, kwa hivyo anaiomba mahakama impe mmoja. Jaji alimjibu kwa upole kwamba anasikitika, lakini sheria ya Florida inamruhusu kumpa maskini wakili katika kesi za hukumu ya kifo pekee. Gideon alishikilia kwamba ni haki yake. Lakini wapi! Kesi ikaendelea.

Sasa hebu fikiria, msomaji. Upande mmoja amesimama kiongozi wa mashtaka aliyesomea kazi hiyo. Upande wa pili amesimama mtu aliyeacha shule baada ya darasa la nane. Mbele yao wameketi wananchi sita walioteuliwa kuamua kama mshtakiwa ana hatia au hana. Wamarekani huwaita juri. Gideon alijaribu awezavyo. Aliwahutubia juri, aliwahoji mashahidi, akaita na wake. Lakini hakujua ni swali gani linaweza kumbana shahidi na ni lipi linamsaidia kuponyoka. Mgema asiyekuwa na kisu atafanya nini juu ya mnazi? Juri wakampata na hatia. Tarehe 25 Agosti 1961 akahukumiwa miaka mitano, ambayo ndiyo adhabu kubwa kabisa kwa kosa hilo.

MLANGO WA KWANZA WAFUNGWA

Wengi wetu hudhani kwamba jaji akishatoa hukumu, mambo yamekwisha. Kumbe siyo! Kwanza kuna rufani ya kawaida, ambapo mtu husema kwamba jaji wa chini alikosea. Halafu kuna njia nyingine ya mtu ambaye tayari yuko kifungoni. Huyu huiomba mahakama iamuru aliyemfunga aeleze anamshikilia kwa sheria gani. Katika ombi la namna hii, jambo kubwa si kama mfungwa aliiba au hakuiba. Jambo kubwa ni kama alifungwa kwa njia iliyo halali. Ukichanganya maswali haya mawili huwezi kuielewa kesi ya Gideon.

Gideon alifahamu tofauti hiyo. Akiwa katika gereza la Raiford, aliiandikia Mahakama ya Juu ya Florida akiomba aachiliwe kwa sababu alinyimwa wakili kinyume cha katiba ya nchi. Tarehe 30 Oktoba 1961 mahakama ikalitupilia mbali ombi lake. Hata sababu haikutoa. Mtu mwingine angekata tamaa hapo, akahesabu siku zake mpaka miaka mitano iishe.

MLANGO WA PILI WABISHWA

Gideon hakufa moyo. Kuvunjika kwa koleo siyo mwisho wa uhunzi. Aliamua kulipinga lile jibu la Florida katika mahakama iliyo juu ya zote, Mahakama ya Juu ya Marekani, iliyoko mjini Washington. Hakuwa na taipureta wala karani. Alikuwa na penseli na karatasi zenye mistari walizopewa wafungwa. Alichapa maneno kwa mkono, herufi kwa herufi, kama mtoto anayejifunza kuandika. Tahajia yake ilikuwa na makosa ambayo mwalimu wetu wa lugha angeyapiga mistari myekundu ukurasa mzima.

Mara ya kwanza karatasi zake zilirudishwa. Kwa nini? Hakuwa ameambatisha kiapo cha kuthibitisha kwamba yeye ni maskini asiyeweza kulipa ada ya mahakama. Karani alimtumia nakala ya kanuni ili ajionee. Gideon akazisoma, akaandika kiapo, akatuma tena. Tarehe 8 Januari 1962 ombi lake likapokewa Washington.

Ndani yake hakusema kwamba hakuiba, wala hakulia kwamba ana watoto na kifua kibovu. Alisema jambo moja tu: kwamba mtu maskini akishtakiwa kwa kosa kubwa na kunyimwa wakili, hajatendewa haki inayotakiwa na katiba. Hapo ndipo penye funzo kwetu tunaopenda kujaza kurasa tatu bila kujibu swali lililoulizwa!

Lakini kulikuwa na kikwazo ambacho Gideon mwenyewe hakukifahamu vizuri. Sheria ilikuwa dhidi yake. Mwaka wa 1942, katika kesi iliyoitwa Betts dhidi ya Brady, mahakama ile ile ya Washington ilikuwa imeamua kwamba majimbo hayalazimiki kumpa kila maskini wakili. Isipokuwa kama kuna jambo la pekee, kwa mfano mshtakiwa hajui kusoma au ana upungufu wa akili, jimbo lingeweza kumwacha ajitetee mwenyewe. Gideon alijua kusoma na akili zake zilikuwa timamu. Kwa hivyo alikuwa anaiomba mahakama hiyo ifanye jambo gumu: ikubali kwamba uamuzi wake wa miaka 20 iliyopita ulikuwa mbaya.

Kila mwaka wafungwa chungu nzima waliiandikia mahakama hiyo, na barua nyingi mno zilikataliwa. Ya Gideon haikukataliwa. Tarehe 4 Juni 1962 majaji walikubali kuisikiliza. Kwa kuwa alikuwa maskini, walimteulia wakili mashuhuri sana mjini Washington, Abe Fortas, ambaye baadaye, mwaka wa 1965, naye alikuwa jaji wa mahakama hiyo hiyo. Fortas alifanya kazi hiyo bila malipo. Msomaji, umeona ajabu hiyo? Mtu aliyenyimwa wakili wa kawaida katika mji mdogo, sasa ana mmoja wa mawakili hodari kuliko wote nchini.

SIKU YA HAKI

Kesi ilisikizwa tarehe 15 Januari 1963. Gideon mwenyewe hakuwepo, alikuwa bado ndani huko Raiford. Fortas hakuwaeleza majaji kwamba Gideon ni mjinga asiyeweza kujitetea. Kinyume chake, alieleza kwamba Gideon ni mtu mwenye akili, alijaribu kwa kila njia, na bado hakuweza. Ikiwa yeye hakuweza, basi hakuna mtu wa kawaida awezaye. Hata wakili mwenyewe akishtakiwa humtafuta wakili mwingine wa kumtetea.

Florida nayo ilikuwa na hoja zake, na si vyema tuzifiche. Wakili wake, kijana Bruce Jacob, alisema kila jimbo lina haki ya kujipangia sheria zake, na kwamba uamuzi wa 1942 ukibatilishwa, maelfu ya wafungwa huenda wakaachiliwa. Florida ilikuwa imeyaandikia majimbo mengine kuomba yaiunge mkono. Kilichofuata kiliwashangaza wengi. Majimbo mawili tu, Alabama na North Carolina, yaliiunga mkono. Zaidi ya majimbo 20 yalimuunga mkono mfungwa!

Tarehe 18 Machi 1963 hukumu ikasomwa. Majaji wote tisa walikubaliana kwamba Gideon alikuwa na haki ya kupewa wakili. Hukumu iliandikwa na Jaji Hugo Black. Huyu ndiye jaji aliyekuwa ameupinga ule uamuzi wa mwaka wa 1942, akashindwa na wenzake. Alisubiri miaka 21. Ama kweli, mstahimilivu hula mbivu.

KESI YARUDIWA

Wengine hudhani kwamba Gideon alifunguliwa mlango siku hiyo hiyo akaenda zake nyumbani. Sivyo. Mahakama haikusema kwamba hana hatia. Ilisema tu kwamba kesi yake haikuwa ya haki, kwa hivyo ni lazima Florida imshtaki upya ikitaka. Nayo ilitaka.

Tarehe 5 Agosti 1963 Gideon alisimama tena katika mahakama ya Panama City, mbele ya jaji yule yule, Robert McCrary. Shtaka lilikuwa lile lile na shahidi mkuu alikuwa yule yule. Kitu kimoja tu kilikuwa kimebadilika. Kando yake alikuwa ameketi wakili, W. Fred Turner, mtu wa huko huko aliyewajua watu na mitaa yao.

Turner alikuwa amefanya kazi ambayo Gideon akiwa korokoroni hangeweza kuifanya. Kabla ya kesi alitembelea mahali pa tukio, akachunguza, akauliza watu. Mahakamani alimhoji yule shahidi mkuu mpaka ushahidi wake ukaanza kuyumba. Kulikuwa pia na dereva wa teksi aliyembeba Gideon asubuhi ile. Dereva alieleza kwamba Gideon alimwambia asimwambie mtu kuwa alimbeba. Ukisikia hivyo unasema, aha, mwizi huyo! Lakini Turner akauliza swali moja dogo: je, aliwahi kukwambia hivyo siku nyingine? Dereva akakubali, maana Gideon alizoea kumwambia hivyo kwa sababu ya ugomvi na mkewe. Swali moja tu, na ushahidi uliokuwa mzito kama jiwe ukawa mwepesi kama pamba. Kuhusu zile sarafu, Gideon alieleza kwamba zilitokana na kamari.

Juri walitoka kwenda kushauriana. Baada ya muda wa kama saa moja walirudi na jibu: hana hatia. Gideon akatoka akiwa mtu huru, baada ya miaka miwili kifungoni kwa kosa ambalo halikuthibitishwa.

BAADA YA HAPO

Ushindi wake haukuwa wake peke yake. Mwaka huo huo wa 1963 Florida ilianzisha ofisi za mawakili wa umma wa kuwatetea maskini, na wafungwa wengi waliohukumiwa bila wakili wakaomba kesi zao zirudiwe au wakaachiliwa. Mwandishi wa habari Anthony Lewis aliandika kitabu juu yake mwaka wa 1964, na mwaka wa 1980 ikatengenezwa filamu.

Gideon mwenyewe hakutajirika. Aliishi maisha ya kawaida mpaka saratani ilipomwondoa duniani tarehe 18 Januari 1972, huko Fort Lauderdale, Florida, akiwa na umri wa miaka 61. Alizikwa kwao Hannibal katika kaburi lisilo na jina. Jiwe la kaburi liliwekwa baadaye na watu waliothamini alichokifanya. Miezi michache baada ya kifo chake, mwezi wa Juni 1972, Mahakama ya Juu iliipanua haki ile hadi kwa makosa madogo, mradi mtu anafungwa jela.

Lakini tusishangilie kupita kiasi. Hukumu ya Gideon inamhusu mtu anayeshtakiwa. Mwaka wa 1987 mahakama hiyo hiyo iliamua kwamba mtu ambaye amekwisha kuhukumiwa na kumaliza rufani yake, akitaka kuomba tena, katiba haimhakikishii wakili. Kwa maneno mengine, mfungwa anayetaka kuandika ombi kama lile aliloandika Gideon kwa penseli, huenda mpaka leo akaliandika peke yake.

NA KWETU JE?

Huenda unajiuliza, mambo ya Florida yanatuhusu nini sisi Wakenya? Yanatuhusu sana. Kwa miaka mingi hapa kwetu wakili wa kulipwa na serikali alipewa hasa mshtakiwa wa mauaji. Wa wizi wa kuku au wa kuvunja duka alijitetea mwenyewe, kama Gideon. Katiba ya 2010, Kifungu cha 50, inasema mshtakiwa apewe wakili na serikali ikiwa bila wakili haki itakiukwa kwa kiasi kikubwa, na aelezwe haki hiyo mara moja. Mwaka wa 2016 tukapata Sheria ya Msaada wa Kisheria. Kifungu hicho hicho cha 50 kinamruhusu hata aliyeshindwa katika rufani ya mwisho aende Mahakama Kuu kuomba kesi mpya, mradi umepatikana ushahidi mpya na mzito. Lakini muda ni mfupi: anayetaka kukata rufani kutoka kwa hakimu kwenda Mahakama Kuu ana siku 14 tu. Je, ni watu wangapi mtaani kwenu wanaozijua siku hizo 14? Sheria isiyojulikana ni kama taa iliyofunikwa na chungu.

Basi msomaji, nimejifunza mambo mawili kutoka kwa maisha ya Gideon. La kwanza, haki si zawadi ya watu wema pekee. Tukianza kuchagua nani asikilizwe kwa kuangalia sifa zake, kesho kutwa itakuwa zamu ya mtu asiye na kosa lolote, naye hatapata wa kumsikiliza. La pili, kujua kuandika si jambo la mtihani peke yake. Gideon alikuwa na elimu ndogo kuliko yangu na yako, lakini alijua anachotaka kusema, akamwambia anayehusika, na aliporudishiwa karatasi alizirekebisha akazituma tena.

Mnyonge hana haki? Labda. Lakini Gideon alikuwa mnyonge, na majaji tisa walilazimika kumjibu.